Turudishieni Karatasi Zetu

Maneno haya niliyasema mbele ya walimu wa Kiingereza na wanafunzi wa chuo chetu hapa Unguja. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka. Nimepunguza marudio tu.

Bismillahi Rahmani Rahim.

Mkuu wa idara, walimu wangu, wakutubi wetu, na nyinyi wenzangu mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: Assalaam alaykum.

Nimepewa dakika ishirini niseme wanafunzi tunaionaje kozi ya Kiingereza ya mwaka wa kwanza, ile inayotupokea mlangoni kabla mtu hajajua hata darasa lipi liko ghorofa gani, na ambayo kazi yake ni kututia nguvu ili tuyaweze masomo mengine. Kabla ya kuja hapa nilikaa na wenzangu barazani pale dahalia, siku tatu mfululizo baada ya Isha, nikawauliza swali moja: lau ungepewa uwezo wa kubadilisha kitu kimoja kwenye kozi ile, ungebadilisha nini? Nilidhani nitasikia habari za feni na vipaza sauti. Zilikuwepo. Lakini jibu lililorudi mara nyingi kuliko mengine lilikuwa jengine, nalo ndilo lililonileta mbele yenu. Wanataka karatasi zao zirudi. Zirudi mapema, zikiwa na maneno ndani yake, na wapewe nafasi ya kuandika mara ya pili.

Naomba nianze na karatasi yangu mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Pemba, upande wa Wete. Muhula wangu wa kwanza tuliambiwa tuandike insha ya kurasa mbili juu ya kazi inayofanywa nyumbani kwetu. Nikaandika karafuu. Kitu gani ningekijua zaidi? Tangu sijaanza skuli nilikuwa nikikaa na bibi tukichambua karafuu usiku, kandili katikati, vidole vikinukia mpaka asubuhi. Nikaeleza mchumaji anavyopanda na kuyavuta matawi, karafuu zinavyoanikwa kwenye majamvi, rangi inavyogeuka kutoka kijani na wekundu hadi kahawia iliyokoza, na khofu inayoingia nyumba nzima mawingu yakijikusanya wakati zimo nje. Nilipofika kwenye makonyo nikakwama. Sikuwa na neno lake la Kiingereza, na kamusi niliyokuwa nayo haikunisaidia. Nikaandika makonyo vivyo hivyo, nikaendelea.

Insha ile ilirudi wiki ya mitihani. Rundo zima liliwekwa juu ya meza karibu na mlango, kila mtu akafukua yake. Juu ya yangu palikuwa na alama tisa kwa ishirini. Ndani palikuwa na mistari myekundu, mingi, bila ya neno hata moja pembeni. Na juu ya makonyo palikuwa na duara jekundu na alama ya kuuliza.

Walimu wangu, alama ile ya kuuliza nimekaa nayo miaka miwili. Lilikuwa swali la kweli, na jibu lake nilikuwa nalo. Ningesema: mwalimu, makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, hatuvitupi, pale Wawi kuna kiwanda kinachovikamua mafuta. Na mwalimu angenambia: basi kwa Kiingereza andika "stems". Yote hayo ni nusu dakika. Neno lenyewe nilikuja kulipata mwaka wa pili, kwenye kitabu cha biolojia, kwa bahati tu.

Simlaumu aliyesahihisha. Najua alikuwa na marundo mangapi, na nitarudi kwenye marundo hayo. Ninachosema ni kwamba swali liliulizwa wakati ambapo hakuna tena wa kulijibu. Mtihani ulikuwa Jumatano. Karatasi inayorudi wiki hiyo haifundishi kitu. Inatoa habari tu kwamba umeshafeli.

Sasa nataka mkumbuke kitu. Karibu sote tuliomo humu tumepita chuoni kabla ya skuli, chuo cha Kurani. Hakuna ustadhi aliyempa mtoto alama nne kwa kumi katika Alhamdu, kisha akamwambia nenda sura inayofuata. Unakaa mbele yake, unasoma, ukikosea anakukatisha hapo hapo, anasoma yeye, unarudia. Ukikosea tena, unarudia tena. Huvuki mstari mpaka umenyooka. Ustadhi akiwa na watoto wengi, aliyetangulia humsikiliza anayefuata, na huyo naye humsikiliza mdogo wake. Kesho yake unadurusu ya jana kabla ya kupewa ya leo. Nakumbuka na bakora pia, na mimi simo katika wanaotaka irudi. Lakini ule utaratibu wa kosa kusahihishwa mbele ya mkosaji, na mkosaji kupewa nafasi ya kulirudia mpaka lipate, sisi hatukuuazima popote. Tumekulia ndani yake. Watoto wa miaka saba wasiojua Kiarabu wametoka humo wakizitamka herufi ambazo watu wazima wa kwengine zinawashinda. Kwa nini Kiingereza tukifundishwe kwa njia ambayo hata alifu tusingeijua?

Mwenzangu mmoja wa Makunduchi alinambia: "Mimi sijui kama sijui Kiingereza, au kama sijui wanachokitaka." Maneno hayo niliyaandika siku ile ile. Yeye nyumbani kwao anasema Kikae, lahaja ya huko Makunduchi. Skuli akajifunza Kiswahili sanifu, ambacho kwake ni lahaja ya pili. Msingi wake ni Kiunguja cha mjini, kama ulivyoamua mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Chuo cha Kurani akajifunza kusoma Kiarabu. Kiingereza kikaja cha nne. Mtu huyu amekuwa akijifunza lugha tangu alipofungua macho, na bado alipofika hapa aliandikwa katika kundi la wasiojiweza katika lugha. Neno hilo halikutumika, najua. Lakini yeye ndivyo alivyolisikia.

Tazameni na pale tulipotoka. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliingiza Kiingereza katika hisabati na sayansi kuanzia darasa la tano, na sekondari masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi anayefika kwenu dhaifu si mgeni wa Kiingereza. Amekaa nacho miaka minane, tisa. Amenakili ubaoni, amekariri maelezo ya usanisinuru bila kukosa nukta, ameyamwaga kwenye karatasi ya mtihani wa taifa. Jambo moja tu halijamtokea: hajapata kuandika ukurasa wake mwenyewe, kwa maneno yake mwenyewe, ukasomwa na mtu aliyetaka kujua anasema nini. Halafu anafika chuoni, na wiki ya kwanza anafundishwa nyakati za vitenzi. Wiki ya pili, aina za maneno. Ni zile zile alizozikuta kidato cha kwanza, na darasa la sita kabla ya hapo. Anajibu mazoezi ya kujaza nafasi na anapata. Akiambiwa aandike aya moja, anakwama. Mwalimu anashangaa, na yeye mwenyewe anashangaa zaidi.

Nilikwenda maktaba nikatafuta kama wapo waliosumbuka na jambo hili kabla yetu. Wapo, na wamesumbuka nalo muda mrefu. Mwaka 1970 chuo kikuu cha jiji la New York kilifungua milango kwa kila aliyemaliza sekondari mjini humo. Wakaingia vijana ambao zamani wasingefikiriwa, wengi watoto wa masikini na wahamiaji, na walimu wa City College wakapewa karatasi ambazo hawakujua waanzie wapi kuzisahihisha. Mwalimu mmoja, Mina Shaughnessy, hakuzikimbia. Alizisoma insha za wanafunzi zipatazo elfu nne, na mwaka 1977 akatoa kitabu kueleza alichokiona: makosa yale hayakuwa uvivu wala upungufu wa akili. Yalikuwa na sababu. Mwanafunzi alikuwa akifuata kanuni, ila kanuni yenyewe alikuwa ameitoa kwengine, au ameifahamu nusu. Mwalimu akiijua sababu, anajua cha kufundisha.

Niliposoma hayo nilirudi kwenye makosa yetu.

Yule mwenzangu wa Makunduchi huandika "the students they read". Kila mara hilo "they" linakatwa, na hajawahi kuambiwa kwa nini. Lakini itazameni sentensi yetu: wanafunzi wanasoma. Lile "wa" la pili limo kwenye kitenzi, na kwetu halikwepeki, ukiliondoa sentensi haisimami. Mkono wake ukiandika "they" unatafuta mahali pa kuliweka. Mweleze hivyo mara moja, kwa dakika tano, ubaoni, uone kama hataanza kujikamata mwenyewe. Mwengine anaandika habari za mama yake kwa "he". "Yeye" yetu haiulizi kama anayesemwa ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo yeye anapaswa kuongeza swali ambalo kichwa chake hakijazoea kuliuliza. Mwengine anasema anaisikia harufu kwa neno la masikio, kwa sababu sisi harufu tunaisikia. Na lile "the", Mungu atusaidie, hilo linatutesa sote, kwa kuwa Kiswahili hakina kitu kama hicho. Sisi tunasema kitabu, na msikilizaji anajua ni kipi.

Haya yote yanaweza kufundishwa na nyinyi kuliko mtu yeyote duniani. Mwalimu aliyetoka Uingereza hawezi kuiona "wa" ikijificha ndani ya "they". Nyinyi mnaiona, kwa sababu mlikosea hivyo hivyo mlipokuwa na umri wetu. Ndiyo maana naomba, na hili walilisema wengi pale barazani, Kiswahili kisifukuzwe darasani. Kuna skuli tulizosoma ambako ukisema Kiswahili unaandikwa jina. Tuliacha kusema Kiswahili, na Kiingereza hatukukisema. Tukanyamaza. Ule ukimya mnaouona kwenye semina, mwalimu akiuliza swali na watu sitini wakaangalia madaftari yao, umeanzia huko. Tukiruhusiwa kujadili hoja kwa Kiswahili kwanza, tukaipanga, tukakubaliana nini tunataka kusema, kisha tukaigeukia lugha ya pili tukiwa na kitu mkononi, tutasema. Anayepambana na wazo na lugha kwa wakati mmoja huangusha vyote viwili.

Kuna jambo la matini tunazosoma pia. Kijitabu tulichotumia mwaka wetu kilikuwa na habari ya familia iliyokwama kituo cha treni kwa sababu ya theluji. Lugha yake ilikuwa nyepesi. Lakini darasa zima liliizungumza kwa dakika arubaini bila ya mtu hata mmoja kuwa na la kuongeza, maana hakuna aliyeona treni wala theluji. Kwenye safu ile ile alikuwepo msichana anayesoma sayansi za bahari, ambaye mama yake analima mwani Paje. Kilimo hiki cha biashara kimo pwani yetu tangu miaka ya 1980 inaishia, wakulima wengi ni wanawake, na mwani wa aina ya kotonii, wenye bei nzuri kuliko ile aina nyengine, spinosamu, umekuwa ukifa maji ya kina kifupi yanapozidi joto. Watafiti wameliandika jambo hilo kwa Kiingereza, kurasa kwa kurasa. Msichana yule angepewa ukurasa mmoja wa utafiti huo angeupigania neno kwa neno, kwa sababu unaeleza kwa nini mama yake anarudi na kamba tupu. Pia ndiyo Kiingereza atakachokutana nacho mwaka wa pili na wa tatu. Wanafunzi wa uuguzi wapeni ripoti ya wodini, wa sheria hukumu fupi, wa utalii barua ya mgeni anayelalamika. Wahadhiri wa masomo hayo wataziteua matini wenyewe, wakiombwa.

Hapa nataka niseme habari ya Baltimore, kwa sababu inagusa namna kozi ilivyopangwa. Katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi aliyeonekana dhaifu wa kuandika alikuwa anawekwa kwanza kwenye kozi ya nyuma, wakati mwengine mbili au tatu mfululizo, na akizimaliza ndipo aruhusiwe kuingia somo la Kiingereza la chuo lenyewe. Wengi hawakufika. Baadhi walifeli, lakini wengi zaidi waliondoka njiani. Nauli, kazi, mtoto, kukata tamaa. Mwaka 2007 chuo cha Community College of Baltimore County, chini ya mwalimu aitwaye Peter Adams, kiligeuza mambo. Wanafunzi hao waliingizwa moja kwa moja katika somo la chuo pamoja na wenzao, na kipindi kikisha, wao wakabaki na mwalimu yule yule katika kundi dogo: kuuliza walichokikosa, kuandika upya, kujiandaa kwa kipindi kijacho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walipowafuatilia, waliona kwamba waliofaulu somo lile walikuwa wengi zaidi kuliko wale waliopitishwa kwanza kwenye kozi ya nyuma.

Baltimore si Unguja. Wanafunzi wao wengi Kiingereza wanakisikia sokoni na kwenye basi, na sisi tukishuka kwenye gari pale Darajani hatukisikii isipokuwa kwa wageni. Sitaki kuchukua mpango wa watu mzima mzima nikaubandika hapa. Lakini na sisi tuliwahi kuwa na utaratibu wa kumweka mtu kando: wapo kati yenu mliokaa mwaka mzima wa matayarisho ya Kiingereza baada ya darasa la saba, kabla ya kidato cha kwanza, mpaka sera ya 2006 ilipouondoa. Nyinyi mnajua vyema zaidi yangu uliwapa nini na uliwakosesha nini. Ninachokichukua kutoka Baltimore ni kitu kimoja, lile kundi dogo baada ya kipindi na mwalimu yule yule. Sisi tuna muhadhara wa watu mia tatu ukumbini na semina ya watu sitini. Mtu akiwa hakufahamu, anabaki na kutofahamu kwake mpaka jioni, na jioni hakuna wa kumuuliza.

Nilipomweleza hayo mwalimu mmoja ninayemheshimu sana, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, nina karatasi mia tatu." Jibu lake lilininyamazisha siku hiyo. Nikaenda kulihesabu.

Karatasi mia tatu, kila moja dakika tano, ni dakika elfu moja na mia tano. Hizo ni saa ishirini na tano. Kwa mtu mmoja, juu ya vipindi vyake, ni nyingi, na ikiwa kila insha itaandikwa mara mbili zitakuwa hamsini. Haiwezekani hivyo. Lakini muhula ule ule tulifanya majaribio manne, na matatu kati yake yalikuwa ya kuchagua jibu na kujaza nafasi. Hayo nayo yalitungwa, yakapigwa chapa, yakasimamiwa, yakasahihishwa, na hakuna mwanafunzi niliyemuuliza aliyekumbuka hata swali moja lililokuwamo. Yaondolewe mawili, na saa zake zihamishiwe kwenye insha. Na insha ya kwanza isisahihishwe kila kosa. Karatasi yenye mistari myekundu arubaini inamwambia mwanafunzi kitu kimoja tu, kwamba yeye hafai. Chagueni makosa ya aina mbili kwa kila insha, yale yanayoiua maana. Mengine yaacheni yapite kwa leo. Muandikieni mstari mmoja: hapa sijakufahamu, unataka kusema nini? Mara ya pili mwalimu ataangalia mambo hayo mawili tu, na haitachukua dakika tano.

Na tutumieni sisi. Tuliofika mwaka wa tatu tuko hapa, hatuombi malipo makubwa, na tunakumbuka vizuri tulipokwama. Wekeni chumba kimoja karibu na maktaba, meza mbili, viti vinne, jioni tatu kwa wiki. Mwaka wa kwanza aje na insha yake kabla ya kuikabidhi, asome kwa sauti mbele ya mkubwa wake. Makosa mengi mtu huyasikia mwenyewe pale anapoyatamka. Aliyetangulia amsikilize anayefuata. Tumeshafanya hivyo tukiwa watoto, tukiwa tumekaa kwenye mkeka. Sharti langu ni moja, tufundishwe kwanza namna ya kusikiliza, tusije tukawaandikia wenzetu kazi zao tukadhani tumewasaidia.

Hapo nimefika kwenye jambo ambalo wenzangu waliniomba nisilitaje, nami nikawaambia nitalitaja. Insha nyingi mnazopokea hivi sasa hatukuziandika sisi. Zimeandikwa na akili mnemba kwenye simu. Mnajua, na sisi tunajua kwamba mnajua. Siku ya pili barazani niliuliza kwa nini, na sikutaka kusikia kwamba ni uvivu, kwa sababu waliokuwa wakinijibu ni watu wanaoamka kabla ya Alfajiri kusoma. Mmoja alisema: "Insha ina nafasi moja. Nikiandika kwa Kiingereza changu napata saba. Sapu, ule mtihani wa kurudia, inaningoja, na mkopo unanitazama. Nitaandika vipi kwa Kiingereza changu?" Ni kosa, na nilimwambia ni kosa. Anajinyima kitu alichokuja kukitafuta. Lakini swali lake nililiona lina uzito. Tumempa mtu mlango mmoja, tumemwambia akikwaa tu amefungiwa, kisha tunashangaa akitafuta dirisha.

Fikirini insha ya kwanza ikiwa haina alama kabisa. Ni rasimu. Unaileta na makonyo yako ndani, na Kiswahili chako ndani pale ulipokosa neno, na mwalimu au mkubwa wako anakaa nayo, anauliza, unajibu. Alama inakuja kwenye ya pili. Nani ataipeleka simu kwenye rasimu isiyo na alama? Na akiipeleka, ataulizwa juu ya sentensi yake uso kwa uso, na haitajibu simu.

Mambo mengine waliyoyasema nitayapitia haraka. Mtihani wa kutupanga siku ya kwanza usiwe wa kuchagua majibu peke yake. Tuna mwenzetu wa Nungwi aliyetembeza wageni miaka mitatu kabla ya chuo. Anazungumza Kiingereza akamchekesha Mwingereza, na alipangwa na wale wasioweza kujitambulisha, kwa sababu hakujua jina la wakati wa kitenzi anachokitumia kila siku. Yeye anahitaji kuandika, si kusema. Wa jirani yake anahitaji kusema, si kuandika. Msikilizeni kila mtu dakika tatu. Pia kuna akina mama wanaosoma wakiwa na watoto wachanga, na wanaokuja kutoka Kusini kwa gari mbili. Kipindi cha saa moja na nusu asubuhi kinawakosa wao ndio kwanza, nao ndio wanaokihitaji zaidi. Kuhusu vipaza sauti nimeshaahidi nitavitaja: havisikiki nyuma.

Nakuja kwa uongozi wa chuo, kama kuna anayewawakilisha humu. Niliyoyaomba kwa walimu hayatawezekana ikiwa saa za kusahihisha hazihesabiwi kuwa kazi. Mwalimu anapangiwa vipindi, na vipindi vinaonekana kwenye ratiba. Zile saa ishirini na tano anazozimaliza nyumbani usiku, watoto wamelala, hazionekani popote. Ziandikwe kwenye mzigo wake wa kazi. Apunguziwe kipindi, au aongezewe msaidizi. Vyenginevyo tutakuwa tumewatwika walimu hawa hawa deni jengine, na mwaka ujao atasimama mwanafunzi mwengine hapa kusema niliyoyasema mimi.

Nimekuja na vitu viwili, nitaviacha juu ya meza hii. Cha kwanza ni daftari lenye majibu ya wenzangu wa barazani, bila majina, kwa maneno yao. Mengine kwa Kiswahili, mengine kwa Kiingereza, na yale ya Kiingereza nimeyaacha na makosa yake. Naomba msiyasahihishe kabla hamjayasoma. Cha pili ni ile insha yangu ya karafuu. Wiki iliyopita nimeiandika upya, baada ya miaka miwili, kurasa mbili zimekuwa nne. Sihitaji alama yake tena. Ningependa tu mtu aisome na aniambie wapi hakunifahamu.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikabidhi insha yao ya kwanza Jumatatu hii. Wanaingojea.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.